Harmonika Haina Desa

Hapa chuoni kuna mambo mawili tu ambayo mwanafunzi anaweza kuyafanya vibaya bila mtu kumuuliza: kuimba bafuni, na kupika wali kwenye lile jiko la umeme analolificha chini ya kitanda. Mengine yote yana alama. Insha ina alama, kazi ya kikundi ina alama, siku hizi hata kukaa tu kwenye semina kuna alama. Tumezoea hivyo mpaka tukikutana na kitu kisicho na alama tunakishangaa. Sasa hiki cha nini? Kinaongeza nini kwenye GPA?

Mimi nina miezi saba najifunza kupiga harmonika, kile kinanda kidogo cha mdomo kinachoingia mfukoni. Msinielewe vibaya, mimi sio mpigaji. Nyimbo ninazoweza kuzimaliza bila kukwama ni nne, na moja kati ya hizo ni ya watoto wa chekechea. Ila naandika nikiwa mwanagenzi, kwa sababu mwanagenzi ndiye atakayeumia zaidi endapo hoja iliyo mbele ya bunge letu la wanafunzi itapita kama ilivyoandikwa.

Hoja hiyo, kwa wale ambao hawajaisoma pale ubaoni, inataka kupiga marufuku "vipaza sauti na vyombo vyote vya muziki" katika eneo lote la mabweni, saa zote. Chanzo chake nakijua na nakiheshimu. Kuna watu hawalali. Wiki ya mitihani mtu anapiga msuli mpaka saa 8 usiku, anaegesha kichwa kwenye mto, na chumba cha jirani spika ya blutuu inaanza kutetemesha vitasa. Huyo ana haki ya kulalamika, na serikali ya wanafunzi ina wajibu wa kumsikiliza. Ninachopinga ni kuuweka usumbufu wa spika na kelele za mtu anayejifunza katika kapu moja, halafu kapu zima likatupwa.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Spika inapiga muziki ambao umeshakamilika. Aliyeiwasha anaweza kulala na yenyewe ikaendelea hadi alfajiri. Harmonika inaendeshwa na mapafu ya mtu. Mapafu yakichoka, kelele imekwisha. Mwanagenzi hamalizi nusu saa kabla midomo haijauma na kichwa hakijaanza kuwa chepesi. Ukimpa mahali na muda, shida yake imekwisha. Spika hata uipe uwanja wa mpira, bado itataka kurudi chumbani.

Sasa mtaniuliza, kati ya vyombo vyote kwa nini harmonika? Nina sababu mbili. Ya kwanza ni mfuko. Yangu niliinunua Kariakoo kwa shilingi 20,000, na hakuna gitaa la maana utakalolipata kwa pesa hiyo, achilia mbali kinanda. Bumu likichelewa, chombo chako bado unacho, hakihitaji nyuzi mpya wala umeme. Na hakihitaji nafasi. Desemba 1965 mwanaanga Mmarekani Wally Schirra alipanda na harmonika ndogo kwa siri kwenye chombo cha Gemini 6, na huko angani akapiga wimbo wa Krismasi wa Jingle Bells, mwenzake Tom Stafford akisindikiza kwa vikengele. Schirra alikuwa rubani, muziki haukuwa kazi yake. Kama chombo hiki kilipata nafasi kwenye chumba kile cha watu wawili, basi kwenye chumba chetu cha watu wanne hakiwezi kukosa.

Sababu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Harmonika haina desa.

Sote tunajua tunavyosoma hapa. Ukishindwa kitu unatafuta desa la mwaka jana, unamtafuta aliyefaulu akuonyeshe alivyofanya, unakopi mwendo wake. Silaumu, wakati mwingine desa ndilo lililomwokoa mtu na supu. Kwenye gitaa hata huko unaweza kwenda hivyo, maana unaangalia vidole vya mwenzako vimekaa wapi na wewe unaweka vyako hapo. Kwenye harmonika hakuna cha kuangalia. Kila kitu kinafanyika ndani ya kinywa. Mwalimu wako anaweza kukaa mbele yako siku nzima na usione ulimi wake umefanya nini. Kilichobaki ni sikio lako na pumzi yako. Unasikia sauti unayoitaka, unasikia unayoitoa, na unatafuta njia ya kutoka huku kwenda kule.

Ngoja niifungue kidogo kwa wasioijua. Harmonika ya kawaida ya kuanzia ina matundu 10. Kila tundu lina ndimi mbili nyembamba za madini, moja inalia ukipuliza, nyingine inalia ukivuta pumzi ndani. Ndimi 20 kwa jumla. Hapo ndipo inapotofautiana na tarumbeta, filimbi au zumari, ambako sauti inatoka kwa kupuliza tu. Mpiga zumari wa Pwani hujaza mashavu upepo ili apate kuvuta pumzi kwa pua bila sauti kukatika. Mpiga harmonika hana haja hiyo, kwake kuvuta pumzi nako ni sehemu ya wimbo. Unapumua, na kupumua kwenyewe ndiko muziki.

Waliopita kwaya wanazijua do, re, mi. Chukua harmonika ya ufunguo wa C, nenda tundu la 4. Ukipuliza ni do, ukivuta ni re. La 5 ukipuliza ni mi, ukivuta ni fa. La 6 ukipuliza ni so, ukivuta ni la. Hadi hapo mtu anaona mambo ni mteremko: puliza, vuta, sogea. Kisha unafika tundu la 7 na utaratibu unageuka. Hapo lazima uvute kwanza ndiyo upate ti, halafu upulize upate do ya juu. Kila mwanagenzi anajikwaa la 7. Mwili umeshazoea mwendo mmoja, na hakuna anayekuonya isipokuwa sikio lako mwenyewe linapokataa.

Na kuna tundu la 2. Jamani, tundu la 2! Ukilivuta kwa mara ya kwanza halilii, au linatoa sauti ya mtu aliyezibwa pua. Wengi hudhani wameuziwa kitu kibovu. Kitu ni kizima. Pumzi ndiyo imeingia kwa nguvu nyingi mno na kinywa kimebana. Ukilegeza taya na kuvuta taratibu, kama mtu anayepiga mwayo, tundu linalia lenyewe. Somo hilo sijawahi kulipata katika chumba chochote cha mihadhara: kuna mambo ambayo ukiyaongezea nguvu yanazidi kukataa. Sisi tumelelewa na "kaza". Ukifeli, kaza. Tundu la 2 linakuambia ulegeze.

Upande wa kushoto, kwenye matundu ya chini, chombo hiki kina mapengo. Hakuna fa, hakuna la. Aliyeupanga hivyo hakusahau. Ukipuliza matundu ya 1, 2 na 3 kwa pamoja unapata do, mi, so, sauti tatu zinazokubaliana. Ukivuta pamoja unapata mwitikio wake. Kwa mpangilio huo, ambao huitwa Richter, hata asiyejua kitu anaweza kusindikiza wimbo rahisi wa kijijini kwao, na kijiji chenyewe kilikuwa cha Ulaya. Kampuni ya Hohner ilianza kuzitengeneza mwaka 1857 katika mji wa Trossingen, Ujerumani, na ile aina yake iitwayo Marine Band ilitoka mwaka 1896. Mpaka leo inauzwa.

Zilivuka bahari kwa wingi kwenda Marekani, na kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo ziliwafikia watu Weusi wa Kusini, waliokuwa na muziki wao na hawana pesa ya piano. Hao waliligeuza jambo zima. Wakaichukua harmonika ya C na kupigia nyimbo za ufunguo wa G, wakiegemea zaidi kuvuta kuliko kupuliza. Wakagundua pia kwamba ukivuta huku ukibadili umbo la kinywa na mahali ulimi ulipo, noti inashuka, inapinda, na ndani ya mpindo huo kuna zile sauti zilizokosekana. Fa na la za chini zilikuwamo muda wote, ila haziko kwenye tundu lolote. Ziko kwenye kinywa cha mpigaji. Mwaka 1952 kijana aitwaye Little Walter alirekodi huko Chicago kipande kiitwacho Juke, hakina hata neno moja la kuimba, ni harmonika tu ndiyo inayoongoza, na kilifika namba 1 katika orodha ya muziki wa watu Weusi nchini humo.

Nimeeleza haya yote kwa sababu moja. Njia ile haikutoka kwenye karatasi ya maelekezo ya kiwanda cha Trossingen. Ilitafutwa na watu walioshika chombo na kukipiga vibaya kwa muda mrefu, mahali ambapo hakuna aliyewakataza kukipiga vibaya. Kibarazani, kando ya reli, kona za mitaa. Fikiria kama kila kibaraza kingekuwa na tangazo kama hili letu la ubaoni.

Najua majibu yatakayokuja, na mengine nimeshayapata uso kwa uso. Mwenzangu wa chumbani, kijana wa uhandisi na mtu mstaarabu sana, aliniambia siku ya kwanza: "Kaka, hiyo kitu inalia kama geti la shule yetu ya msingi." Nikamwambia yuko sahihi. Tukapatana palepale kwamba chumbani haipigwi, na haijapigwa. Napigia nyuma ya uwanja wa mpira, jioni, ambako wasikilizaji wangu ni ng'ombe wawili wa jirani na yule mlinzi anayepita na baiskeli yake. Sasa kwa hoja hii ilivyoandikwa, hata huko nyuma ya uwanja ni "eneo la mabweni". Niende wapi? Madarasa yanafungwa. Maktaba hainihusu. Vimbweta vina watu wanajisomea, na hao siwezi kuwaingilia.

Wengine wanasema huo ni muda wa kusoma unaopotea. Hili nalichukulia kwa uzito, maana wapo waliokuja hapa kwa michango ya ukoo mzima, na kudisko kwao sio utani. Lakini tuwe wakweli kuhusu muda wetu. Dakika 15 kwa siku ni chini ya muda tunaotumia kwenye foleni ya kafteria, na ni kidogo sana kuliko muda tunaopitisha vidole kwenye simu kitandani. Hakuna aliyewahi kuleta hoja bungeni dhidi ya simu.

Na kuna wanaosema muziki huo ni wa wenyewe huko, sio wetu. Hao waende kusikiliza taarabu ya Unguja, pale kodiani inapoingia. Waende Kenya kwa Wagikuyu, waone mwomboko unavyochezwa kwa kodiani na chuma kinachogongwa. Kodiani na harmonika ni ndugu wa damu: zote mbili zinalia kwa ulimi mwembamba ulioshikwa upande mmoja na kuachwa huru upande mwingine, upepo ukipita unatetemeka. Na wazo la ulimi huo huru halikuanzia Ulaya pia, maana Wachina walikuwa na sheng yao karne nyingi kabla. Chombo hakina uraia. Kinakuwa cha anayekipumulia.

Hoja iliyonigusa zaidi ilitoka kwa dada mmoja wa mwaka wa pili, tukiwa kwenye mstari wa chai. Aliniambia: "Wewe tatizo lako unataka turuhusu watu wasiojua. Wanaojua wana klabu yao ya muziki, si wanafanya mazoezi ukumbini kila Jumamosi?" Dada yangu, hapo ndipo penyewe. Wanaojua wana ukumbi. Wana ratiba, wana sare, na kwenye mahafali wanakaa mbele. Ili uingie kwenye klabu hiyo lazima ufanyiwe usaili, na usaili unataka uwe umeshajua. Sasa atakayejua kesho anajifunzia wapi leo? Tukipitisha hoja hii tutakuwa tumesema kwamba chuo hiki kina nafasi ya mpigaji na hakina nafasi ya mwanagenzi. Chuo, cha kushangaza, ambacho kazi yake yote ni wanagenzi.

Hili haliishii kwenye harmonika. Angalia darasani. Mhadhiri akiuliza swali, watu 200 wanainamia madaftari. Sio kwamba wote hawajui. Wengi wanajua nusu, na hapa nusu ni aibu. Tunasubiri mpaka tuwe na jibu zima ndiyo tufungue mdomo, na kwa kuwa jibu zima huja mara chache, tunamaliza miaka mitatu tukiwa kimya. Nasema kwa ninavyojisikia mimi: tangu nianze kutoa sauti mbaya nyuma ya uwanja kila jioni, kunyoosha mkono semina kumekuwa kwepesi zaidi. Ukishazoea kusikika ukiwa hujakamilika, jibu la nusu halikutishi tena.

Basi napendekeza nini? Sitaki tuwanyime watu usingizi. Nataka hoja irekebishwe mambo matatu kabla ya kupigiwa kura. Kwanza, spika na vipaza sauti vitenganishwe na vyombo vya kupigwa kwa mkono au mdomo, kila kimoja kiwe na kifungu chake. Pili, ndani ya vyumba na varanda vyombo visipigwe kabisa, hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Tatu, patengwe mahali pamoja, upande wa nyuma wa uwanja panatosha, kuanzia saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kujifunza chombo chochote kisichotumia umeme, bila usaili na bila kuandikishwa. Wiki ya kujisomea na wiki za UE muda huo usimame. Haihitaji bajeti. Inahitaji mstari mmoja kwenye karatasi.

Na kwa atakayependa kujaribu, nikupe machache niliyonayo. Nunua ya matundu 10, ufunguo wa C. Dukani watakuonyesha nyingine ndefu zenye matundu mawili mawili juu na chini, zinatoa sauti ya kutetemeka. Sio mbaya, ila mpangilio wake ni tofauti na masomo mengi ya kuanzia hayatakusaidia. Usipige ukitoka kunywa soda au kula mandazi, sukari na chenga zinaganda kwenye ndimi, sukutua kwanza. Usiazimane na mtu, hicho ni kitu cha mdomoni. Wiki ya kwanza usitafute wimbo. Tafuta noti moja iliyo safi, ya tundu la 4, midomo ikiwa imezunguka kama unataka kupiga mluzi, lakini chombo kiingie ndani vizuri, kisiguswe kwa ncha tu. Puliza kama unayeukungua mvuke kioo cha dirisha. Ikitoka moja, bila jirani yake kulia, umeshaanza.

Wawakilishi wetu wanakaa Alhamisi ijayo. Kila bweni lina mwakilishi wake, na namba yake imebandikwa mlangoni pa kuingilia. Mpigie, au mgongee, umwambie unataka kifungu cha vyombo kitenganishwe na cha spika. Kama hupendi harmonika, mwambie kwa ajili ya yule wa chumba cha pili mwenye marimba, au yule wa mwaka wa kwanza aliyekuja na filimbi kutoka kwao na tangu siku ile tangazo libandikwe hajaitoa begini.